Kwa nini siku mbili za kongamano zilinipa kitu ambacho mihula mitano darasani haikunipa?

#1 Binti wa Ujiji

Habari za jioni, wanajamvi. Naomba tulitafakari pamoja jambo ambalo limenikaa kichwani kwa wiki tatu sasa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya Kiswahili. Mwezi uliopita nilihudhuria kwa mara ya kwanza kongamano la wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya Afrika Mashariki, nikawasilisha mada kuhusu majina ya samaki na zana za uvuvi katika Ziwa Tanganyika. Nilichagua mada hiyo kwa sababu mama yangu anaanika dagaa Kibirizi, kwetu Kigoma, na majina hayo nimekua nayo mdomoni kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa isimu. Nilipewa dakika kumi na tano. Nilipomaliza, kijana mmoja kutoka Bujumbura akasimama akasema kwamba samaki ninayemwita dagaa kwao ni ndagala. Kabla hajaketi, dada mmoja kutoka Uvira, Kongo, akasema kwao ni ndakala. Kisha yule kijana akaniuliza: katika sisi watatu, nani alimpa mwenzake jina? Sikuwa na jibu. Mwenyekiti wa kikao akatazama saa, akamwita mwasilishaji aliyefuata.

Wakati wa chai yule kijana alinifuata, akageuza karatasi ya ratiba, akachora ziwa kwa kalamu ya wino. Tulisimama watatu kando ya meza ya maandazi tukiandika majina kuzunguka mchoro ule: dagaa upande wa Kigoma, ndagala kule juu, ndakala ng'ambo, mgebuka kwetu, mukeke kwao. Chai ilipoa. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, imebandikwa ukutani juu ya kitanda changu hosteli.

Kwa mihula mitano nimefundishwa lahaja na ukopaji wa maneno, nimefanya mitihani nikafaulu, lakini sikuwahi kuhisi kwamba mambo hayo ni yangu. Swali langu ni hili: kongamano lina nini hasa? Kwa nini wanafunzi wengi wanaorudi huko wanarudi wakiwa na moto, hata wale ambao darasani walikuwa wamekata tamaa?

#2 Kalamu ya Pwani

Asante kwa mada nzuri, dada. Mimi niko Mombasa, nimeshiriki makongamano manne kama mwanafunzi wa uzamili, na jibu langu liko katika neno moja: ubishi.

Darasani tunapewa maarifa yaliyokwisha kupikwa. Mhadhiri anakuja na muhtasari alioupanga vizuri, sisi tunanakili, na kwa kuwa kila kitu kimepangwa, tunaamini kwamba kazi ilishamalizwa na watu wengine zamani. Katika kongamano langu la pili niliwaona maprofesa wawili, ambao vitabu vyao vyote nilivisoma, wakipingana mbele ya watu mia kuhusu ngeli: je, ziainishwe kwa viambishi vya nomino zenyewe, au kwa upatanisho wa kisarufi? Jambo hilo mimi nilikuwa nimelijibu katika mtihani kwa mistari sita na kupata alama zote. Pale nikagundua kwamba wao wenyewe hawajakubaliana. Mmoja alimwambia mwenzake kwa heshima kubwa, "Ndugu yangu, mfano wako unaibomoa hoja yako," na mwenzake akaomba kalamu akauandika upya mfano ule. Mchana walikula meza moja.

Mwanafunzi anapoliona hilo, anafahamu kwamba nafasi ipo. Nadhani hapo ndipo moto unapowaka.

#3 Mkaguzi wa Hoja

Naheshimu maelezo ya #2, lakini naona tunaharakisha kulisifu kongamano kabla ya kulipima. Anayeandika ikisiri, yaani muhtasari wa mada yake, akaituma kwa wakati, akatafuta nauli na ruhusa, tayari ni mtu mwenye moto. Tukimwona amerudi na moto tukasema kongamano limemwasha, tunamsifu mpishi kwa njaa ya mgeni.

Ili tulijue jambo hili sawasawa, ingebidi tuwalinganishe na wanafunzi waliotaka kwenda wakakosa nafasi, tuone miaka miwili baadaye nani anaendelea na utafiti. Isitoshe, sote tumewaona washiriki wanaojiandikisha asubuhi, wakachukua begi na beji, wakaenda kutembea mjini, wakarudi siku ya mwisho kupokea cheti cha ushiriki. Hao nao walihudhuria.

#4 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nawasalimu. Nilifundisha sekondari na chuo cha ualimu kwa miaka thelathini na minne, na ningependa kuwakumbusha kisa kimoja ambacho kinapima uzito wa jambo hili.

Mwezi Juni 1962 ulifanyika mkutano wa waandishi wa Afrika katika Chuo cha Makerere, Kampala. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na kutoka Marekani alikuja Langston Hughes. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwepo mwanafunzi wa pale pale Makerere, wakati huo akijulikana kwa jina la James Ngugi. Kijana huyo alikuwa na mswada wa riwaya. Alijipa moyo akamwomba Achebe ausome. Achebe aliusoma, akampa maoni, na kupitia kwake mswada ukafika kwa wachapishaji wa Heinemann. Riwaya ikatoka mwaka 1964, na dunia ikamfahamu Ngũgĩ wa Thiong'o.

Ndiyo maana nilikuwa nikiwaambia walimu wanafunzi wangu kwamba mwalimu anaweza kukupa kila kitu isipokuwa ukaribu na mtu anayeifanya kazi ile unayoiota. Huyo inabidi umwendee mwenyewe, na kongamano ndilo linalowakusanya mahali pamoja kwa siku chache.

#5 Msomaji wa Kampala

Shikamoo mwalimu. Kisa ni cha kweli, ila naomba kuongeza mambo mawili ili kisije kikaegemea upande mmoja.

Kwanza, Ngũgĩ hakuingia ukumbini kama msikilizaji aliyepita njia. Alialikwa kwa sababu alikuwa ameshachapisha hadithi fupi, zikiwemo zile zilizotoka katika jarida la wanafunzi wa Idara ya Kiingereza ya Makerere. Hapo hoja ya ndugu Mkaguzi (#3) inapata nguvu: moto ulitangulia mkutano. Pili, mkutano ule ulikuwa wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza, na jina lake lilisema hivyo waziwazi. Shaaban Robert hakuwa na nafasi pale kwa sababu aliandika kwa Kiswahili, na alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962. Ngũgĩ mwenyewe baadaye alilisema jambo hilo kwa uchungu, kwamba mwandishi wa hadithi mbili tatu za Kiingereza alistahili kuingia wakati mshairi mkubwa wa Afrika Mashariki hakustahili.

Kwa hiyo mkutano mmoja ulimfungulia mlango, na mlango huo huo ndio uliomfanya aje kuuliza kwa nini wengine walibaki nje. Sijui tuuite msukumo wa aina gani, lakini ulidumu maishani mwake mwote mpaka alipofariki Mei 2025.

#6 Mtafiti wa Mbu

Nami nichangie kutoka upande wa sayansi, maana huku hatusimami jukwaani sana. Wanafunzi wengi tunapewa bango. Unachapisha utafiti wako kwenye karatasi kubwa, unaubandika, unasimama kando yake saa nzima, na kila anayepita ana haki ya kukuuliza.

Bango langu la kwanza lilihusu mbu katika Bonde la Kilombero. Nilikuwa nimehesabu mbu walionaswa, nikaandika kwa fahari kwamba Anopheles arabiensis ndio wengi, hivyo ndio tatizo kuu. Mama mmoja mtu mzima, fundi wa maabara, alisimama, akasoma mstari kwa mstari, akaniuliza: "Umewahesabu mbu, je, umehesabu walio na vimelea?" Akanieleza kwamba kule bondeni Anopheles funestus ni wachache, lakini ndio wanaobeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria. Kosa lile lilikuwa limepita machoni pangu, machoni pa rafiki zangu na katika rasimu tatu. Yeye alilikamata akiwa ameshika kikombe cha kahawa.

Maelezo yangu basi ni tofauti na ya #2 na #4. Kinachomjenga mwanafunzi si kuwaona wakubwa wala kusikia ubishi wao, ni kulazimika kuandaa kitu ambacho mgeni atakisoma. Ikisiri ya maneno 300 yenye tarehe ya mwisho inafanya kazi ambayo msimamizi hawezi kuifanya. Hata kama kongamano lingeahirishwa siku moja kabla, nusu ya faida ningekuwa nimeshaipata.

Dada Binti wa Ujiji, nina angalizo moja la kitaalamu kuhusu mada yako. Kama katika makala umelinganisha dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza, jihadhari. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda humwita mukene, ni Rastrineobola argentea, na hana udugu wa karibu na wale wa Kigoma. Jina ni moja, samaki ni mbalimbali.

#7 Mzee wa Kirumba

Mtafiti, umetuambia kwamba dagaa wa Mwanza hana udugu na wa Kigoma, nami nakushukuru, kwa sababu sasa najua kwa nini wetu ni watamu zaidi. Binti wa Ujiji asinikasirikie. Mama yake nampa pole.

Nikirudi kwenye mada, nilikwenda katika kongamano moja tu maishani, mwaka wa mwisho wa shahada, nikiwa msikilizaji. Kitu kimoja nakikumbuka: mzungumzaji mkuu, mtu mwenye heshima kubwa, aliulizwa swali na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo silijui." Ukumbi mzima ulitulia. Sikuwahi kumsikia mwalimu wangu yeyote akitamka maneno hayo tangu darasa la kwanza. Sikuendelea na masomo, niliingia biashara ya samaki, lakini neno lile nalitumia na wanangu.

#8 Binti wa Ujiji

Mzee wa Kirumba, mama nimemsomea ujumbe wako, amesema uje Kibirizi uonje kwanza.

Mtafiti wa Mbu, asante sana. Nilikuwa nimewalinganisha, tena katika ukurasa wa pili. Nimeirekebisha sehemu hiyo usiku huu. Kumbe lile lililonipata la sangara nalo ni la namna hiyo: kwetu Kigoma kuna sangala, Mwanza kuna sangara, na nilidhani ni samaki mmoja anayetamkwa kwa namna mbili.

Kuhusu hoja yako kwamba nusu ya faida iko katika maandalizi, naikubali kwa sehemu. Niliandaa kwa miezi miwili, na nilidhani nimemaliza. Swali la yule kijana halikuwa katika maandalizi yangu, wala lisingeweza kuwemo, kwa sababu ilibidi atoke mtu aliyekulia upande wa pili wa maji.

#9 Jirani wa Bujumbura

Amahoro, ndugu zangu. Mimi si yule kijana wa #1, ingawa ningefurahi kuwa yeye.

Naomba niseme jambo ambalo ninyi wa Dar es Salaam na Mombasa huenda hamlioni, kwa kuwa mko ndani yake. Sisi wa Burundi, na wenzetu wa Kongo na Rwanda, tunakisema Kiswahili tangu utotoni katika mitaa kama Buyenzi, lakini tukifungua mdomo mbele ya Mtanzania tunachekwa. Tunaambiwa hatujui sarufi, tunachanganya ngeli, tunavuta maneno. Basi tunazoea kukisoma Kiswahili kama wageni wanaoomba radhi. Kongamano la kwanza nililohudhuria lilikuwa na kikao kizima kuhusu Kiswahili cha nchi zetu, na watu waliketi wakaandika maneno yetu katika madaftari yao kama data. Kwa mara ya kwanza namna ya mama yangu ya kusema ilikuwa jambo la kuchunguzwa, haikuwa kosa la kusahihishwa.

Rwanda walikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Maamuzi hayo ni makubwa na ninayashangilia. Hata hivyo, hayakunifanyia kile ambacho dakika ishirini za kikao kile zilinifanyia.

Dada wa Ujiji, katika orodha yako ya zana uongeze apolo. Huku vyombo vikubwa vya kuvulia ndagala vinaitwa hivyo, kwa jina la vile vyombo vya Wamarekani vya kwenda mwezini.

#10 Kalamu ya Pwani

Jirani, maneno yako yamenigusa, na sisi wa Mombasa tunayaelewa kuliko unavyodhani. Mwaka 1928 uliitishwa mkutano hapa hapa Mombasa, wakaamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, chenye tenzi na mashairi ya miaka mingi, kikawekwa kando. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930, na kutoka humo ikazaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, ambayo tangu 2009 ni sehemu ya TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bibi yangu alisahihishwa shuleni kwa kusema "ndoo hapa" badala ya "njoo hapa", na lile lilikuwa tunda la mkutano.

Nalisema hili ili tusije tukadhani kwamba kila mkutano wa wasomi unawainua watu. Katika ule wa 1928 waliotoa uamuzi hawakuwa wenye lugha. Msukumo unaouzungumzia unapatikana pale wenye lugha wanapokuwa ndio wawasilishaji.

#11 Mkaguzi wa Hoja

Nimesoma michango yote kwa makini, na naona wengi mmenijibu kwa upole ingawa nilianza kwa ukali. Nadhani ninawiwa na maelezo.

Mwaka wangu wa tatu ikisiri yangu ilikubaliwa katika kongamano la nchi jirani. Barua ilikuja, ikiwa na jina langu limeandikwa kwa usahihi, jambo ambalo hata orodha ya mitihani ilikuwa haijawahi kunifanyia. Niliomba nauli chuoni kwangu nikaambiwa fungu limekwisha. Bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limechelewa. Nyumbani nisingeweza kuomba, maana mwezi ule mdogo wangu alikuwa anadaiwa ada. Niliandika kuomba radhi, na siku ya wasilisho langu niliketi maktaba saa tano asubuhi, saa ile ile iliyoandikwa kwenye ratiba, nikaisoma mada yangu kimya kimya mpaka mwisho, kisha nikaenda kula.

Barua ile bado ninayo. Kwa hiyo niliposema tuwalinganishe waliokwenda na waliokosa nafasi, nilikuwa najisemea mwenyewe. Sikuendelea na utafiti. Labda moto haukuwa wa kutosha, labda ni nauli. Sina njia ya kujua, na ndiyo sababu sikubali mtu aniambie kwa wepesi kwamba makongamano huwasha mioyo, bila kutaja nani analipa basi.

#12 Mwalimu Mstaafu

Mkaguzi mwanangu, pole sana. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Kisa changu cha Makerere kinasahau jambo ambalo lako limelikumbusha: Ngũgĩ hakuhitaji nauli, mkutano ulimfuata chuoni kwake.

Pengine hapo kuna la kujifunza kwa vyuo. Makongamano yaliyo wazi kwa umma yanaweza kumfikia mwanafunzi asiye na shilingi. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, kiliwakutanisha wanafunzi na wananchi wa kawaida katika Ukumbi wa Nkrumah, na nilimwona muuza magazeti akisimama kuuliza swali. Hata idara yenye wahadhiri watano inaweza kutenga Ijumaa moja mchana kwa mwezi, wanafunzi wawili wakawasilisha, wenzao wakauliza. Hakuna begi wala cheti, inatosha kuwa na viti na mtu wa kushika saa.

#13 Dada wa Eldoret

Mimi nitatofautiana na karibu kila mtu. Mmezungumzia ukumbi, hakuna aliyezungumzia basi.

Tulisafiri wanafunzi ishirini na wawili kutoka Eldoret kupitia Malaba hadi Kampala, na tukaendelea mbele usiku kucha. Mpakani tulipanga foleni saa nane za usiku na vyeti vya homa ya manjano mkononi. Aliyeketi karibu nami alikuwa msichana ambaye tulikuwa darasa moja kwa miaka miwili bila kuzungumza. Alinisomea wasilisho lake lote kwa mwanga wa simu, nami nikamwambia hitimisho lake linarudia utangulizi. Akakasirika mpaka Masaka, kisha akalifuta. Mada za kongamano lile nyingi nimezisahau. Sisi wanne wa kiti cha nyuma bado tunasomeana kazi zetu kila mwezi, na wawili wanaandika tasnifu za uzamivu.

Kwa maoni yangu mwanafunzi haendi kongamano kukutana na wakubwa kama anavyosema Mwalimu. Anakwenda kuwapata wenzake, hata kama alikuwa nao siku zote.

#14 Mtafiti wa Mbu

Dada wa Eldoret, nakubali kwamba urafiki ni jambo kubwa, lakini safari ya mpira wa miguu nayo ina basi, mpaka na kiti cha nyuma. Kwa nini wachezaji wakirudi hawaanzi kusomeana tasnifu? Lazima kuwe na kitu katika kazi yenyewe.

#15 Dada wa Eldoret

Kwa sababu katika basi la mpira hakuna anayesoma kitu kwa mwanga wa simu. Basi letu lilikuwa na wasilisho ndani yake, nalo ndilo lililotufanya tuzungumze. Hapo labda tunakutana, mimi nawe, ingawa sijakubali kwamba ningeipata nusu ya faida kama safari ingeahirishwa.

#16 Mwanafunzi wa Tabora

Samahani kwa kuingia nikiwa mdogo kati yenu. Niko mwaka wa kwanza. Nimeusoma uzi huu wote tangu jana, na ningependa kujaribu kuandika ikisiri kuhusu maneno ya wafuga nyuki wa kwetu, hasa aina za mizinga. Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Ufugaji wa nyuki ni shughuli muhimu sana kwa maendeleo ya jamii." Je, inafaa?

#17 Mkaguzi wa Hoja

Karibu sana, mdogo wangu. Sentensi hiyo ingefaa kwa nyuki, kwa ng'ombe na kwa bahari, kwa hiyo haijaanza kusema chochote. Babu yako, au jirani anayefuga, mzinga wa gome anauitaje, na wa gogo lililochongwa anauitaje? Anza na maneno hayo mawili, kisha utueleze nini kinatushangaza ndani yake. Ukishamaliza nitumie, nitaisoma neno kwa neno. Na ikikubaliwa, usikae kimya kuhusu nauli. Uje uandike hapa hapa.

#18 Binti wa Ujiji

Mkaguzi, Mungu akubariki. Nami nitaisoma.

Nimeunakili mchoro wangu wa ziwa ili nao wengine wauone. Kaskazini kuna Bujumbura: ndagala, mukeke, apolo. Magharibi kuna Uvira: ndakala. Mashariki kuna Kigoma: dagaa, mgebuka, kipe. Swali la nani alimpa mwenzake jina bado sijalijibu, lakini nimepata ruhusa ya kulifanya kuwa tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho.

#19 Dereva wa Tunduma

Heshima kwenu nyote. Mimi si mwanachuo, ni dereva wa lori, na huwa nasoma tu bila kuandika. Ila dada, ziwa lako lina nchi tatu, na Ziwa Tanganyika lina nchi nne. Umeisahau Zambia. Huku mpakani tunawapata samaki hao hao wakiwa wakavu kutoka Mpulungu, na wanaitwa kapenta. Watu wa Tunduma wengine wanasema dagaa, wengine kapenta, na nimewasikia wauzaji wakitumia yote mawili katika sentensi moja, kana kwamba ni vitu viwili.

#20 Binti wa Ujiji

Kaka, umenisimamisha kabisa. Nimechukua kalamu nikaandika Mpulungu upande wa kusini. Kumbe pale chini pa karatasi palikuwa wazi wiki zote hizi nami nalala nikipatazama. Naomba unisaidie jambo moja. Hao wauzaji wanaosema yote mawili katika sentensi moja, kila neno wanalitumia kwa samaki yupi? Ni wakubwa na wadogo, wakavu na wabichi, au wa Zambia na wa Tanzania?

#21 Dereva wa Tunduma

Nilidhani najua, lakini umeniuliza vizuri na sasa sina hakika. Kesho alfajiri napakia sokoni. Nitasimama niwasikilize, kisha nitarudi hapa niandike walivyosema.